Dhahabu Chini ya Kokoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimeokota dhahabu. Nadhani ni dhahabu. Naandika haraka kabla mama hajatoka kuoga, maana akinikuta na daftari ataanza maswali.

Bosi alinituma uani, nyuma ya ofisi, nitafute koki kuu ya zamani. Jumatatu ijayo anamwaga zege ua mzima, pawe stoo ya mabomba. Koki ikifukiwa humo, tumekwisha. Zamani yeye na mkewe walikaa ghorofani, juu ya ofisi. Ngazi ya nje bado ipo. Nikapita na mashine ya kutafutia vyuma, mstari kwa mstari, kama mtu anayepiga deki. Misumari. Vizibo vya soda. Halafu, karibu na ngazi, ikalia sauti nyembamba, ya adabu. Si ya chuma. Nikafukua kwa bisibisi, kina cha vidole vinne tu.

Kitu kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Bapa, kimepinda kidogo kama ganda la mbegu. Pembe laini. Matundu matatu, madogo mno. Hakuna chapa. Na kizito — kidogo hivyo, kizito hivyo!

Nikakitia mfukoni. Ndiyo, mfukoni, na sikumwambia mtu. Koki nayo niliipata, kwenye kona ya ukuta. Vipimo vya vyote viwili nimeviandika, ni mazoea tu ya kazi: hicho kitu, mita moja na robo kutoka ngazi ya chini.

Kijiko aliniona nikiinama. (Ndiye mwendesha kijiko chetu, ile mashine ya kuchimbia mitaro; jina lake halisi tumelisahau.) Umepata nini, fundi? Nati, nikasema. "Nati gani unaitazama kama mchumba?"

Jumanne, 4 Machi

Mama amekiona. Nilijua! Anasema ni kipini cha pua. Pua ya nani, mama, tembo? Akaacha kucheka, akasema mwenye kitu hicho anakitafuta.

Mchana nimekwenda kwa sonara. Akakisugua kwenye jiwe, akadondosha dawa. Akarudia. Dhahabu safi kabisa, anasema, haikuchanganywa na chochote, na hakuna sonara mwenye akili zake atakayetengeneza pambo kwa dhahabu ya hivyo. Ni laini, ingejikunja wiki ya kwanza. "Dhahabu naijua. Kazi yake ndiyo siijui. Kamuulize fundi wa meno." Kisha akataka kuinunua. Nikasema hapana, tena upesi, mpaka nikajishangaa. Mimi! Mwenye viatu vyenye madirisha.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa meno amecheka. Si jino, wala si kitu cha jino. Akakilaza kwenye ncha ya kidole, akakigeuza geuza. Mpindo huu, anasema, ni wa kukalia kitu cha mviringo. Kama gololi kubwa. Kama jicho. Alisema kwa utani, halafu tabasamu likafutika.

Kliniki ya macho inafunguliwa saa mbili asubuhi.

Kazini Kijiko ameshatangaza. Nikipita wananiita Tajiri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejua ni nini.

Nesi wa macho, mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Hata salamu hakumaliza kuitikia. Akakiona, akainuka, akafunga mlango. "Umekitoa wapi?"

Wako watu, anasema, ambao upande mmoja wa uso umepooza. Jicho halifumbi. Linakauka, linavimba, mwisho linaweza kupofuka. Basi daktari hushonea kipande hiki ndani ya ngozi ya kope la juu. Uzito wake ndio unaoshusha kope. Matundu ni ya uzi. Na ni dhahabu kwa sababu mwili haugombani nayo. Akafumba jicho lake moja, akagusa kwa kidole: hapa.

Nikauliza kama huweza kudondoka. Mara chache, ngozi ikichakaa. "Au ikipasuliwa."

Nikamwambia nilipokiokota. Alinitazama sana. Majina ya wagonjwa hatoi. Mjini hapa waliowekewa ni wanne, na watatu wanavyo mpaka leo. Atampigia wa nne, ampe namba yangu; akitaka, atanitafuta. Nisikiuze, nisimwonyeshe mtu.

Siku nzima nafumba macho. Kwenye foleni ya maji ya kunywa, juu ya paa la mteja, mezani. Kufumba tu! Kumbe nayo ni kazi. Kuna mtu mjini hapa analala jicho wazi.

Waliokaa juu ya ngazi ile nawajua. Sitaki kuwajua.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi ameniita. Si mkali, hajawahi kuwa mkali. Anajua watoto wa kila fundi kwa majina, na mtu akifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika.

"Nasikia uliokota kitu uani."

Nati, bosi.

"Nionyeshe hiyo nati."

Nimeitupa.

Akatabasamu. Akasema kilicho chini ya kokoto zake ni chake, hata kama ni nati. Kisha akaniuliza hali ya mama! Lori la zege ni Jumatatu saa moja asubuhi, nisichelewe.

Saa kumi jioni simu ikaita. Namba ngeni. Sauti ya mwanamke, taratibu: "Mimi ndiye mwenye kile cha nesi." Sauti niliijua papo hapo. Mke wa bosi. Huyo ambaye miaka miwili sasa tunaambiwa anaumwa, hapokei wageni.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekutana kliniki, chumbani kwa nesi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akavua miwani myeusi. Jicho la kushoto jekundu, nusu wazi, limelowa. Usiku hulibandika plasta ndipo alale. Nikampa. Akakiweka kiganjani, akakifunika kwa kiganja cha pili.

"Usidhani nalia, mwanangu. Hili hujiliza lenyewe."

Yeye na bosi walikuwa wakigombana ngazini. Juu ya nini, hakumbuki. Chumvi, simu, upuuzi. Mumewe akampiga kwa nyuma ya mkono, mkono wenye pete, upande ule ule wa mshono. Akabiringika mpaka chini. Alipozinduka kope limechanika, dhahabu haipo. Alitambaa kwenye kokoto akiitafuta kwa vidole mpaka mumewe akamwinua.

Na hilo, anasema, silo lililomuua. Pesa za dhahabu ile walichanga kaka zake. Mume akawahi kwao kabla yake. Akawaambia dada yenu ameitoa kwa daktari wa vichochoroni, ameiuza. Wakaamini! Nani asiyemwamini bosi wetu? Tangu siku hiyo hakuna kaka aliyemsemesha. Daktari alipotaka kumwekea nyingine, mume akasema hanunui cha kwenda kuuzwa.

"Ulikipata wapi hasa?"

Nikafungua daftari la kazi, nikamsomea. Mita moja na robo kutoka ngazi ya chini, kina vidole vinne. Akaomba nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo sikuwa mwongo," akasema. Kama vile alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe.

Atampigia kaka yake mkubwa, aje Jumatatu apaone pale mahali kwa macho yake kabla hapajafukiwa. Akaniuliza kama nitamwonyesha. Nikasema ndiyo — hivi hivi, kama mtu anayekubali chai. Nilipofika getini ndipo nikakumbuka nani ananilipa.

Jumapili, 9 Machi

Nimegombana na mama. Kazi nyingine nitaitoa wapi, anauliza. Nani mwingine alimpa mwanamke spana? Ni kweli, na ndilo linaloniuma. Mafundi wote walinicheka. Bosi peke yake aliniambia kesho uje. Nimekula chakula chake miaka sita.

Nimefua nguo za kazi. Nimepanga spana, nimezipangua.

Jioni mama akaja, akakaa kitandani kwangu. Baba yako hakuwahi kuninyanyulia mkono, akasema. Lakini angeninyanyulia, ningeomba awepo mtu mwenye vipimo.

Jumatatu, 10 Machi

Saa moja na robo. Naandikia hapa hapa uani. Nimepindua ndoo, nimeikalia, mita moja na robo kutoka ngazi. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Lori limeingia kinyumenyume. Pipa linazunguka. Bosi amesema fundi, sogea. Nimesema nasubiri mtu. Mtu gani? Nimeendelea kuandika. Ameangalia ndoo, ameangalia ngazi. Nimeona akielewa! Uso haukubadilika, shingo ndiyo iliyosimama mishipa.

Kaka hajafika.

Saa moja na nusu. Amekuja mke wa bosi. Peke yake, kwa miguu, bila miwani. Mafundi wote wameweka zana chini, wanalitazama jicho lile. Bosi amemwendea, anamwambia kwa upole arudi nyumbani, vumbi litamuumiza. Amemshika kiwiko. Mke ameuchomoa mkono.

"Kaka yangu yuko njiani," anasema, sauti inafika getini.

Sijui kama ni kweli. Nadhani hata yeye hajui.

Bosi amemgeukia dereva wa lori: mwaga. Dereva ana mkono kwenye wenzo. Ananitazama mimi, anamtazama mke wa bosi. Kijiko ameinamisha kichwa. Bosi amesema mara ya pili, na safari hii si kwa upole: mwaga, huyo atainuka mwenyewe.

Mke wa bosi amekuja mpaka mbele yangu. Hazungumzi na mumewe tena. Ananiuliza mimi kama kuna ndoo nyingine ya kukalia.