Chapati za Ukweni

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku Bungu wazima, mpunga umekubali.

Umeuliza, kwa huo ugonjwa wa ngano aliokwambia daktari, utakataaje chakula cha watu. Mimi pia ngano ilinitesa tangu ujana, jina sikulijua. Nilipokwenda kujitambulisha kwa kina bibi yako, niliwekewa chapati. Nikakataa. Baba yake akafoka, "Chakula chetu hukitaki, binti unamtaka?" Posa ikataka kuvunjika.

Nikasema kweli, "Zinaniendesha tumbo, mzee." Wakacheka sana. Marehemu bibi yako akaniletea wali. "Mwacheni ale anachoweza," akasema. Miaka yote ya ndoa, sufuria yangu haikuguswa na ngano. Namshukuru mpaka leo.

Nawe sema tu, usione haya. Mimi nilisema mbele ya mkwe.

Babu yako