Usukani Uko Kushoto

Al Wakrah,
Ijumaa alasiri, Machi 2014

Mpendwa kaka Eugene,

Kabla hata sijakusalimu, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nisipoanza nalo nitalizunguka mpaka karatasi iishe. Nimekuwa nikimcheka Baba. Si kile kicheko cha mtoto anayemwona mzazi wake amevaa soksi za rangi mbili. Nimemcheka pamoja na wanaume wa gereji, nikiwa upande wao, naye akiwa mbele yetu akidhani tunacheka naye.

Sasa pokea salamu zangu. Hujambo? Masomo ya hapo Eldoret yanaendeleaje, na kile kikohozi kimekuachilia? Sisi huku miili ni mizima. Joto bado halijakuwa lile la kuua. Mama amebadilishiwa zamu wodini, siku hizi anatoka nyumbani kabla hatujaamka. Usinicheke kwa Kiswahili changu. Ningeweza kukuandikia kwa Kiingereza kama tunavyoandika shuleni, lakini kwa Kiingereza najua sana kujificha. Barua atakuletea Anti Charity anayekuja likizo Jumapili, kwa sababu simu yangu Mama huifungua anapotaka.

Habari kubwa ni ya basi. Wewe uliliacha likiwa gofu tu, Baba alipotoka kulinunua kwa watu waliokuwa wakibebea vibarua. Sasa ni nyumba. Ameng'oa viti vyote akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki, na mapazia niliyoyashona mimi. Ukutani amebandika ramani ya Kenya, na kwa wino mwekundu amechora njia atakayopita na Mama, naye Mama akishastaafu: Mombasa, Voi, Loitokitok, Naivasha, Maralal, mpaka Loiyangalani. Anasema maisha yake yote hapa Doha amekuwa fundi wa AC, akiwapelekea watu baridi vyumbani mwao, na sasa anataka kulala mahali upepo unapoingia wenyewe. Kanali, yule mbwa aliyefungwa kwenye ngazi na Wazungu waliohama, ametengenezewa godoro nyuma ya kiti cha dereva. Tosti, paka wetu wa jicho moja, ana rafu yake dirishani. Kadi zao za chanjo Baba hutembea nazo katika mfuko wa shati, pamoja na kitambulisho chake.

Kila Ijumaa tukitoka kanisani Mesaimeer, Mama hurudi nyumbani kulala, na Baba na mimi huenda Sanaiya, mtaa wa viwanda, kwa Philipo, yule Mganda mwenye gereji. Mimi hushika tochi na kumsomea Baba maelezo ya vifaa. Siku hiyo watu wa kambi ya vibarua ya jirani hawaendi kazini, basi huja kukaa juu ya matairi na kututazama. Philipo ndiye huanzisha. Humwuliza Baba, Mzee Githinji, leo tunalala wapi? Baba hujibu kwa uzito wote kwamba leo tunalala Maralal. Philipo hutaka kujua simba wa Maralal wameandaliwa nini, na Baba huwaambia simba waongee na Kanali. Siku moja Herbert, askari wa lango, aliomba aajiriwe kulinda basi, afungwe kamba moja na Kanali wagawane mifupa ya mshahara. Watu wakaanguka kwa kicheko. Baba akacheka pia, akamwambia nafasi ipo, alete tu barua ya maombi. Mimi nilicheka mpaka tochi ikaniponyoka.

Kinachochekesha ni nini? Kaka, usukani uko kushoto. Gari la Qatar usukani wake uko kushoto, na gari la namna hiyo Kenya hawalisajili. Gereji nzima inajua. Baba peke yake ndiye anayeamini litapita. Si kwamba haoni usukani. Anasema kila alipokuja likizo aliona malori ya Kongo yakikatiza mpaka wa Malaba na usukani wa kushoto, na hakuna polisi aliyeyakataza. Hajui kwamba yale yanapita tu kwenda kwao. Anasema pia kwamba Mkenya anayerudi nyumbani moja kwa moja husamehewa. Nilisoma katika kompyuta ya shule: husamehewa ushuru, si usukani. Lakini Philipo amemhakikishia kwamba ana mjomba bandarini atakayelitoa. Herbert aliponiambia mjomba huyo anauza ndizi Masaka, hapo ndipo nilipocheka mara ya kwanza.

Nilimwambia Mama, nikitumaini kwamba atalisimamisha jambo hili. Alikuwa anapiga pasi yunifomu yake na hakugeuka. Alisema anajua tangu siku basi liliponunuliwa. Alisema mwanamume aliyestaafu akikosa chuma cha kugonga atakuja kugonga kichwa cha mke wake, kwa hiyo nimwache acheze. Akaongeza kwamba presha ya Baba si ya mchezo, nikimwambia akaanguka, nitajua ni nani aliyemwangusha. Baada ya hapo nikarudi kushika tochi. Ukijua na usicheke, kaka, unabaki peke yako pale gereji, na wewe unanijua, hata kwenda dukani kuomba chenji naona haya.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Alhamisi ijayo Baba anapanda ndege. Philipo amemshauri atangulie Mombasa akaingojee meli, na basi lifuate, Kanali na Tosti wakiwa ndani na mabaharia wakiwalisha. Baba ameamini hata hilo. Amebandika karatasi juu ya rafu ya Tosti, akawaandikia mabaharia kwa herufi kubwa kwamba paka huyu hali samaki wa mkebe, na akiogopa aimbiwe.

Jumanne nilikuwa ndani ya basi nyuma ya pazia, nikimalizia pindo, Baba akiwa ameenda kutafuta bawaba. Mama akaingia gereji na yunifomu yake. Alikuwa hajawahi kufika pale. Alimwambia Philipo kwamba Baba akishaondoka kitanda king'olewe siku hiyohiyo. Nikaelewa kwamba Philipo amelinunua basi, viti vinarudishwa, litabeba vibarua kwenda kwenye ujenzi wa Lusail. Hakuna meli. Philipo akauliza wanyama wapelekwe wapi. Mama akasema jangwa ni kubwa.

Halafu Mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, kwamba amewaosha wagonjwa wa watu tangu ujana wake na hatazeeka akiogea ndoo nyuma ya gari. Amepata kazi Ireland. Mwezi wa sita tunaondoka, yeye na mimi. Jina la Baba halimo kwenye makaratasi. Philipo akamwuliza kama kijana wa Eldoret ana habari, kwa sababu mzee akikosa basi atakwenda kwake. Mama akacheka kidogo. Akasema kijana ndiye aliyetoa wazo la Mombasa, maana hakutaka mzee afikie kwake na maneno yake ya safari.

Ndiyo sababu nimekuanzia na langu, kaka. Usije ukasema najifanya msafi. Wewe ulipanga, Mama alitekeleza, Philipo amenunua, mimi nimemulika tochi. Sikuombi ushauri. Nilitaka tu ujue kwamba nilikuwa nyuma ya pazia.

Leo hatukwenda gereji kwa kuwa Baba anafunga mizigo, na Mama hakulala; alipopita mlangoni mara mbili nililaza kitabu cha biolojia juu ya karatasi hii. Sasa ametoka kwenda sokoni, na ninasikia kucha za Kanali kwenye vigae vya korido, na nyuma yake ndara za Baba. Anakuja kunionyesha tiketi, nina hakika, maana tangu asubuhi amekuwa akiizungusha mkononi. Atakaa kitandani, aniulize naandika nini, kisha asome kabla sijamjibu. Hupenda sana mwandiko wangu. Kitabu kiko karibu na kiwiko changu. Nimekisukuma mbali.

Nisalimie wenzako wa hosteli. Jitunze kifua, na ule vizuri. Anti Charity akikukabidhi barua hii, usimwulize kitu. Ujue Baba ameisoma mwenyewe kwanza, na utafute maneno ya kumwambia atakapokupigia.

Mlango unafunguka.

Ni mimi dada yako,
Melissa