Zainabu Nimemchezesha

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta imefika, au kaishia nayo njiani? Mimi mzima, nauza madera yangu palepale Mtaa wa Kongo, jua linatutia adabu.

Nakuandikia kwa karatasi maana simu ya kaka inasikilizwa na nyumba nzima. Kaa chini ndiyo usome. Zainabu nimemkomesha.

Huyo mtoto wa jirani yako, niliyempokea mwenyewe mjini nikamtafutia meza karibu na yangu! Kwenye kicheni pati kule Ilala, mwimbaji alipofika kwenye ubeti wa mwanamke anayekula sahani za wenzake, Zainabu akainuka kwenda kutunza, noti mkononi, kidole kaninyooshea mimi. Huku ubeti hauna mwenyewe mpaka mtu anyooshe kidole. Ukumbi mzima ukaamini natembea na waume za watu. Wiki haijaisha, neno lishafika huko Lindi kwa mama yake, na wewe ukaacha kwenda shughulini kwa aibu. Mimi ningevumilia, Mama. Lakini wewe? Hapana.

Nikaapa, nikatunga wimbo wangu. Mwanzo nilijaza matusi matupu: mnafiki, mzandiki, mdomo mchafu. Nikamsomea Bi Hadija, yule kungwi tunayepanga naye nyumba moja. Akapiga miayo.

"Mbona umempanga tu kama vyombo kabatini?" akasema. "Mnafiki, haya, halafu? Mtembeze huyo mwanamke! Watu hawainuliwi na majina, wanainuliwa na ubeti unaokwenda."

Nikakukumbuka wewe kinuni, unatwanga huku unaimba. Katika kila mstari wako kulikuwa na mtu anatoka, anabeba, anafika, na mchi unamfuata. Nikafuta matusi yote, nikamtoa Zainabu nyumbani kwake:

*Atoka na kapu lake, apita kwa majirani,*
*Achota neno apike, alifunika kapuni.*

Umeona? Hakuna tusi hata moja. Anatoka, anapita, anachota. Ngoma ikiingia hapo, mabega yanaondoka yenyewe.

Jumamosi binti wa Bi Hadija kaolewa, nikampa mwimbaji beti zangu. Zainabu nilimjua, hakuna shughuli anayoacha kutunza. Kusikia kapu na majirani tu, akadhani anasemwa Mwanaidi, jirani yake aliyegombana naye juzi. Huyooo! Kiuno kinazunguka, noti juu, kidole kwa Mwanaidi. Nikamsubiri afike katikati ya ukumbi, nikamkonyeza mwimbaji. Akaachia wa mwisho:

*Ainuka azunguke, kidole juu hewani,*
*Ajileta peke yake, ndiye huyo ukumbini.*

Na ndivyo anavyofanya, Mama! Kainuka, anazunguka, kidole kiko juu! Vigelegele vikalipuka, wanawake wakapanda viti wamwone. Alipoelewa, akasimama hapohapo na noti yake, hajui aende mbele au arudi. Mwanaidi akainuka taratibu, akaenda kumtunza mwimbaji, na kidole kamnyooshea Zainabu. Nimecheka mpaka machozi, tena sijaona haya.

Sasa Bi Hadija ananiambia yatosha, nimsamehe. Nimsamehe nini? Asubuhi Zainabu kahamisha meza yake, kapita mbele yangu kainamisha kichwa, nami nikaanza kuimba polepole. Nitaimba na kesho. Wewe ulilia, naye alie.

Msalimie kaka na hiyo simu yake, na shangazi aliyekupikia ulipougua. Humu kifurushini nimekufungia doti ya khanga. Ivae Ijumaa, uende shughulini, ukae mbele kabisa. Mama yake Zainabu akiingia, usinuniane naye. Mpe salamu zangu, mwambie mwanawe anacheza vizuri, Kariakoo nzima imemwona.

Mwanao uliyemfundisha kutwanga,
Somoe