Saa ya Mbao Iliyonifungia Bandani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kabula Ngollo
Umri: Anakadiria miaka 78
Kazi: Kufuga kuku na kuuza mayai
Dini: Mkatoliki
Makazi: Isevya, Manispaa ya Tabora
Elimu: Hakusoma
Tarehe ya maelezo: 16 Juni 2025

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Kabla sijaeleza lolote, nataka Koplo Festo aandike kwamba tangu avae hizo nguo za polisi hajakanyaga kwangu. Huyu ni mtoto wa Julieth, jirani yangu. Amekula ugali wangu mpaka akaota ndevu, leo ananiuliza jina. Mpaka mjukuu wangu akamatwe ndipo tuonane? Amesema hilo haliandikwi. Nimemwambia basi na mimi sisemi. Ameandika.

Naishi na mjukuu wangu Minza, mtoto wa marehemu binti yangu. Minza anatengeneza saa za mbao. Ana programu ndani ya kompyuta yake. Anaiambia gurudumu liwe na meno mangapi, nayo inamchorea. Siku moja aliniita nikaona magurudumu yanazungushana kwenye kioo kabla ubao haujaguswa. Nilimwambia, "Na ugali ungekuwa hivyo, tuuone umeiva kabla ya kuwasha moto." Akishachora, anakwenda kuchapisha dukani, anabandika karatasi kwenye kipande cha mninga, anakata jino moja moja kwa msumeno mwembamba. Jino likikosewa saa inakwama, anarudi kuchora upya. Sijawahi kumsikia akimtukana mtu. Saa ndizo anazozitukana.

Mwaka huu kicheche alinimalizia vifaranga, kwa sababu magoti yangu yamekataa kwenda kufunga banda kila magharibi na kufungua kila alfajiri. Minza akanichorea saa ya banda. Iko ukutani kwa nje, kando ya mlango, inavutwa na jiwe lililofungwa kamba. Mshale ukifika juu kabisa jioni, komeo linaanguka. Ukirudi juu asubuhi, komeo linajiinua.

Saa nyingine zote nilizoziona maishani mwangu, mshale ukiwa juu mchana ni saa sita, jua la utosi. Hii aliichora kwa namna tunavyosema wenyewe: juu kaweka kumi na mbili, ile ya magharibi, na sita kaiweka chini. Alisema, "Bibi, kwa nini mdomo useme saa moja na mshale uonyeshe saba? Yako itasema kama wewe." Alinieleza vizuri. Nikaitikia kama nimeelewa.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, siku ya Jumamosi, Minza aliondoka asubuhi kwenda Igalula kumpelekea mteja saa yake. Baadaye niliona saa ya banda imesimama, jiwe limeshuka mpaka chini. Nililivuta juu. Nikatazama jua, lilikuwa linakaribia utosi, basi nikausogeza mshale karibu na juu, kama saa ya kanisani. Kisha nikaingia kufagia, nikarudishia mlango ili kuku wasinikimbilie nje. Nikiwa nimeinama nikasikia komeo: ta!

Banda ni la matofali na mlango ni wa mninga. Nilisukuma kwa bega, nikasukuma kwa makalio, haukutikisika. Minza hafanyi kazi ya ovyo. Siku hiyo nilitamani angekuwa mvivu. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nilisikia watu wakipita, nilisikia redio ya jirani, hakuna aliyenisikia mimi. Upande wa pili wa ukuta saa ilikuwa inakwenda tu, ka, ka, ka. Nilikalia ndoo niliyoipindua, kuku wananitazama kama mgeni asiyeaga. Kiu iliponizidi nilikunywa maji yao.

Aliyenifungulia ni mwanangu Sylvester, aliyekuja kutoka Igunga bila taarifa. Aliponiona na manyoya kichwani alilia. Alisema, "Mayo, mama yangu, nani kakufungia?" Nikasema, "Saa." Akasema, "Saa ya nani?" Nikasema, "Ya Minza." Hapo akaacha kunisikiliza.

Minza aliporudi jioni alikuta mjomba wake na mgambo mlangoni. Sylvester alisema binti kanitegea mtego nife, arithi nyumba. Nilipiga kelele kwamba si kweli. Wakanifunika khanga, wakasema bibi kachanganyikiwa, apumzike, wakaondoka na Minza kumleta hapa kituoni.

Sikuchanganyikiwa. Mshale niliusogeza mimi, kwa kidole hiki ninachokionyesha, na saa ikadhani magharibi imefika. Minza hakuwepo na hakunitegea kitu.

Sylvester naye si mtu mbaya. Ni mtoto anayeogopa kupigiwa simu ya msiba. Kila akija anataka nihamie kwake Igunga, nikae kitako, nihudumiwe, geti alifunge yeye. Najua akiyasikia maelezo haya atasema, "Umeona, hata saa huiwezi, twende." Nikinyamaza, Minza anaendelea kulala mahabusu. Nimewaza tangu juzi, sioni pa kutokea. Afadhali lile banda. Komeo lile lingejiinua lenyewe, ningengoja tu. Geti la Sylvester halina saa.

Nimechagua kusema. Mtoeni mjukuu wangu. Sylvester yuko kwenye benchi hapo nje, nitamwambia mwenyewe kwamba siendi, na akilia nitamfuta machozi, lakini siendi.

Nimeishia hapo. Nimesema nilichokifanya na nilichokiona, akili zangu zikiwa timamu.

Dole gumba la kulia: Kabula Ngollo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Festo, na kumsomea shahidi kwa sauti. Ameyakubali. Amekataa kunyanyuka kwenye kiti mpaka niongeze maneno yafuatayo, nami nayaongeza kama alivyoyasema:

"Festo, ukija kwangu usije kwa saa ya simu yako. Njoo mshale wa banda ukiwa juu, jua likizama, ugali utakuwa umeiva. Ukitaka kuchungulia kuku, weka kwanza jiwe mlangoni. Na ukibisha hodi, atakayekufungulia awe Minza."