Kompyuta Isiyo na Ngitili Yake

Mhunze, Kishapu,
14 Agosti 2024.

Mpendwa kaka Mayala,

Shikamoo. Habari za Dodoma? Wifi Juliana anaendeleaje na ule mguu, ameshaanza kuukanyagia? Sisi huku tunapumua. Baba kifua kinambana kwa vumbi, mama mzima. Pamba tumemaliza. Ngitili tumeifungua wiki iliyopita, na majani tuliyowatunzia ng'ombe humo tangu masika ni machache, sijui kama yatafika mvua za kwanza.

Kaka, haya nimeshindwa kukwambia kwenye simu. Kila nikianza nalia, na mdogo wetu Davis haachi kuwa karibu. Ndiyo maana nakuandikia na kuituma barua hii kwa basi.

Unajua tangu duara la kuchimbia dhahabu limfukie marehemu kaka Maganga kule Masumbwe, mama amebaki na wewe na Davis tu kwa watoto wa kiume. Na bado Davis alirudi kuchimba kule kule. Mwezi wa sita alipokuja kusaidia kuvuna nilimbana abaki, tufungue banda la gemu hapa sokoni, maana mpira wa kwenye kompyuta anaujua kuliko mtu yeyote Kishapu. Alikubali kwa sharti moja: kompyuta iweze kucheza lile gemu jipya ambalo vijana wa Shinyanga mjini wanashindania. Isipoweza, anarudi duarani.

Hapo ndipo nilipoharibu. Gemu lenyewe linataka memori ya picha GB mbili. Nilipokwenda mjini kununua laptop iliyotumika, nilifungua mipangilio nikasoma mwenyewe: jumla ya memori ya picha, GB mbili. Nilifurahi nusura nimkumbatie muuzaji. Mistari ya chini sikuisoma. Nikamwambia Davis nimehakikisha kwa macho yangu.

Siku ya gulio tuliiwasha mbele za watu. Wachezaji wakaingia uwanjani, mpira ukaanza, picha ikaganda. Ikashtuka kidogo, ikaganda tena. Watu walicheka, wakahamia kwa muuza miwa. Davis akaichomoa kwenye umeme, akaanza kukunja waya.

Niliirudisha mjini, nikaipeleka kwa fundi mmoja anaitwa Hatibu. Akanionyesha mstari nilioruka: memori ya picha iliyo yake yenyewe ni MB 128 tu. Zile GB mbili ni kiasi inachoruhusiwa kukopa kwenye memori kuu ya kompyuta, na hiyo kuu yote ni GB nne, ambayo Windows na gemu lenyewe vinaila pia. Gemu likianza, cha kukopa hakuna. Na kadi ya picha huwezi kuing'oa ukaweka nyingine, imo ndani ya prosesa.

Nilimweleza baba nikidhani hataelewa. Aliniuliza kama ni sawa na mtu asiye na ngitili yake, anayelisha ng'ombe kwenye ngitili ya watu wote. Nikamwambia ndivyo hasa. Akasema, "Basi punguzeni mifugo."

Na Hatibu alisema hayo hayo: tupunguze ukubwa wa picha, tuzime vivuli, majani ya uwanja na mashabiki. Pia tuongeze kipande cha RAM, yaani hiyo memori kuu, kwenye nafasi iliyo wazi, ili pa kukopa papanuke. Tukapunguza. Sasa mpira unachezeka, kwa kujikongoja. Davis alicheza mechi nzima kwenye uwanja usio na shabiki hata mmoja, akaifunga laptop taratibu, akaniambia, "Dada, ulijua. Ulitaja GB mbili ili nisiondoke."

Sikujua, kaka. Naapa kwa kaburi la Maganga, sikujua.

Kipande chenyewe ni cha aina ya DDR3 ya laptop, GB nne. Hatibu hana, ila kwenye karakana yako ya kompyuta najua hakikosekani. Ukikituma nitashukuru sana. Lakini kabla ya kipande, nakuomba umpigie Davis. Mweleze wewe, fundi, kwamba namba ile inampoteza yeyote anayeisoma haraka haraka. Mimi haniamini tena, wewe atakusikiliza. Gari la Masumbwe linaondoka Jumatatu alfajiri. Jana amenunua betri mpya za tochi yake ya kichwani. Mama akadhani ni za kuendea zizini, akamshikia tochi wakati anazipachika.

Baba na mama wanawasalimu. Msalimie wifi Juliana na watoto, umwambie mchele wake nimeuweka. Mungu awalinde huko mliko, na atangulie mbele yako utakapoinua simu.

Dada yako akupendaye, asiye na mwingine wa kumwandikia,
Scolastika