Namba ya Profesa

Umoja II,
Nairobi.
14 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Ndunge,

Pokea salamu za moto kama chapati za mama yako. Hujambo huko Ujerumani? Kifua kimepoa? Unakula chakula ama unashindia mikate? Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira tangu Jumanne barua yako ilipofika.

Kwanza ujue kazi yako naielewa. Niliishia darasa la saba, lakini nimeshika sumaku nyingi kuliko maprofesa wako wote. Uliposema kwamba ukiyeyusha shaba pamoja na ile metali adimu, disprosi, kisha uigandishe kwa baridi kali, visumaku vya ndani hugeukiana na kufutana nguvu, nilielewa papo hapo. Hiyo ni kamati ya kanisa letu: nusu wanavuta huku, nusu kule, na paa halijapanda. Nimewafundisha watu wote hapa yadi yangu ya vyuma chakavu, Mukuru. Siku hizi naitwa Daktari.

Sasa unaniambia umepima mara kumi na moja joto linalovuruga mpangilio huo, jibu ni lile lile, lakini profesa anataka uandike namba ya kitabu chake cha zamani, la sivyo hatatia sahihi karatasi zako za shahada. Halafu unaniuliza kama hiyo ni dhambi ndogo. Mimi? Unaniuliza mimi?

Wiki jana jamaa mmoja aliniletea mzigo wa waya za shaba, katikati ameficha bolti ya chuma. Sumaku yangu, ambayo haishiki shaba, ikanasa. Akaapa kwa jina la mama yake. Nikamwambia, "Bishana na sumaku, mimi nimenyamaza." Nilimnunulia chai, kisha nikamfukuza.

Hata Phares, anayeshika mizani yangu, ameuliza, "Kwani hiyo shaba iliumbwa na profesa?"

Usiandike namba yake. Ukirudi bila shahada, nitakupokea uwanja wa ndege na kwaya nzima, na chumba cha mbele ni chako. Ukirudi nayo kwa uongo, tafuta teksi.

Binamu zako Wathome na Mirriam wanakusalimu. Mama yako pia. Nilimsomea barua yako. Aliikunja nguo aliyoshona ya siku ya shahada yako, akaiweka chini kabisa ya sanduku, akasema, "Mwambie aandike alichokiona."

Mungu akushike mkono unapoandika.

Ni mimi mjomba wako, mwenye hasira na mapenzi mengi,
Matheka