Nusu Kilo ya Turubai

Jumanne, 7 Januari

Foleni ya kliniki imekwisha kabla ya saa sita! Akili yangu hiyo. Zamani suruali ya kupimia watoto ilikuwa moja tu: mama amvike mtoto, tumning'inize kwenye mizani, tusome, amvue, ndipo afuate mwingine. Sasa fundi cherehani ametushonea nne za turubai. Mama wanawavika watoto wakiwa bado benchi, wanakuja tayari. Mkuu wa kituo kapita, kasema kituo kinakua kwa sababu yangu. Nikavimba kichwa, sikatai.

Mdogo wangu naye kamleta mwanawe, Bosi. Mwezi jana kilo sita nukta nne, leo sita nukta saba. Mstari wa kwenye kadi umepanda vizuri.

Jumanne, 4 Februari

Mdogo wangu na hofu zake. Eti Bosi ananyonya kidogo, anachoka upesi, mashavu yameisha. Anataka kumpeleka kwa daktari wa watoto. Nikampima: sita nukta nane. Nikamwambia mtoto anakua, ila kinachokua zaidi ni wasiwasi wa mama yake. Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Akachukua kadi, akaondoka bila kuniaga.

Jumatatu, 3 Machi

Mungu wangu.

Leo nimefanya usafi. Mikono imejaa, nikaitundika suruali moja kwenye ndoano ya mizani, kavu, tupu. Mshale ukaruka hadi nusu kilo. Nikatundika ya pili. Nusu kilo. Zote nne!

Mshale niliuweka sifuri kwa ile kuukuu, nyepesi kama leso. Hizi ni za turubai tabaka mbili na vifungo vya chuma — na kwa ule utaratibu wangu wa haraka, sijawahi kuiona hata moja ikining'inia bila mtoto.

Nikatoa nusu kilo kwenye vipimo vya Bosi. Sita nukta saba: sita nukta mbili. Sita nukta nane: sita nukta tatu. Desemba alikuwa sita nukta nne. Miezi miwili mtoto hajakua hata chembe, kapungua! Na mama yake aliliona kwa macho, nikamcheka.

Nimeshika simu mara nne. Mara nne nimeiweka. Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mkuu asubuhi. Kasema tuwapime upya watoto wote, lakini taratibu, tusiwatie watu hofu. Taratibu!

Mshale nimeurekebisha. Msaidizi anapima, mimi najifanya najaza daftari. Mdogo wangu yuko benchi, wa tatu. Kamvalisha Bosi sweta jipya, mikono imekunjwa mara mbili. Nimemsikia akimwambia jirani yake kanunua kubwa makusudi, mtoto atakua nalo. Na kwamba kwa daktari hakwenda tena, dada yake kamtoa wasiwasi.

Sikustahili kuaminiwa hivyo.

Sasa ni wa pili. Anamvua sweta, anamvika turubai. Vijiti vya miguu vinapwaya kwenye matundu. Ilikuwa hivyohivyo mwezi jana, nami nilitazama mshale tu.

Nimemwambia msaidizi kwamba huyu nitampima mwenyewe. Kalamu hii naiweka sasa hivi. Kasimama mbele yangu, kanisamehe kabisa, anatabasamu, ananinyooshea mtoto:

"Haya Bosi, nenda kwa mama mkubwa akuambie umekua kiasi gani."